Jina Alilolikataa Profesa

Hasira zangu ni moto wa mabua, huwaka mara moja na kuzimika. Wanaonijua hawanijali. Lakini wiki ile aliyozaliwa mjukuu wangu, ziliwaka zikakataa kuzimika. Mtoto alikuwa na siku saba za kupata jina, jina tulikuwa nalo tayari, na mwenye jina akatukatalia mchana kweupe, mbele ya watu, sahani ya pilau ikiwa mkononi mwake.

Mwenye jina alikuwa mpangaji wangu. Ploti yangu iko Majengo, hapa Meru mjini, nyuma ya msikiti. Vyumba vinatazamana, na uani kuna bomba, kamba za nguo na kuku wawili watatu wasio na adabu. Marehemu mume wangu alikuwa na bucha, na sasa ni ya mwanangu. Profesa alikuja kupanga chumba cha pembeni miaka kadhaa kabla ya mtoto. Mzungu mzee, mrefu, mgongo umeanza kuinama, amevaa sweta ya sufu mwezi wa pili jua likichoma. Nilimwambia mwanangu, huyu hamalizi wiki. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini huyu hakungoja kupewa. Siku ya tatu alijikalia kwenye kigoda changu, akachukua kisu, akaanza kumenya viazi vyangu huku akiniuliza maswali.

"Mama, ukiugua nani anakupikia uji?"

"Mke wa mwanangu."

"Na yeye akiugua?"

"Jirani."

"Na yule mzee wa kule mwisho asiye na mtoto, nani anamfulia?"

Nilidhani ni mtu wa sensa. Kumbe ndiyo kazi yake. Maisha yake yote alikuwa amefundisha chuo kikuu huko Uingereza, somo lenyewe linaitwa sera za jamii. Alivyonieleza mimi, ni elimu ya kujua mtu akizeeka, akiugua, akifiwa au akikosa kazi, nani anambeba: serikali, jirani, au hakuna. Ameandika vitabu vizito juu ya jambo hilo. Kimoja alikitumia kuzuia mlango wake usipigwe na upepo.

"Profesa," nikamwambia, "haya yote ungeniuliza mimi ningekujibu asubuhi moja tu."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema, "Ndiyo maana nimekuja."

Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Alikisoma darasani, kila neno na mwenzake mahali pake, na sisi wa bara tukisema "kitu yangu" alikuwa anafumba macho kidogo kama mtu aliyeuma mchanga. Lakini hakumsahihisha mtu hata mara moja, na hilo nilimpendea.

Polepole tukajua habari zake. Ni Myahudi. Zamani, vita vya Wazungu vikikaribia, kwao Ulaya Wayahudi walipokuwa wanawindwa, wazazi wake walimpandisha treni akiwa mtoto, yeye na watoto wengine, bila mama wala baba, ili wapelekwe Uingereza. Huko akalelewa na mama mmoja ambaye hata lugha yake hakuijua. Wazazi wake hakuwaona tena.

"Siku ya kwanza mama yule alinipa viazi na maziwa," alinihadithia, huku akimenya. "Nikawaza, huyu hanijui, kwetu hakujui, nani amemwambia anilishe? Vitabu vyangu vyote vinajibu swali hilo moja. Mtoto asiye na mtu ni wa nani?"

"Ni wa yule aliye karibu na sufuria," nikamjibu.

Kisu kikabaki hewani. Akasema jibu hilo halimo katika kitabu chake hata kimoja na linamuuma.

Habari kwamba Profesa ni Myahudi zilizunguka Majengo haraka kuliko harufu ya vitunguu. Wengine walikunja uso, sitaficha. Maalim wetu akasema, ni mtu wa Kitabu, tena ni jirani, na jirani ana haki zake. Mwanangu yeye alifurahi kupata mteja wa bucha asiyetaka nguruwe. Ila kulikuwa na jambo moja lililotusumbua. Kila Ijumaa jioni tulikuwa tunaona dirishani kwake mishumaa miwili. Tukamhurumia. Tukasema mzee wa watu tokeni za stima zimeisha, hana umeme, na anaona haya kusema. Mwanangu akamnunulia tokeni, akampelekea kimya kimya. Ijumaa iliyofuata, mishumaa iko palepale. Akamnunulia tena. Ilichukua muda Profesa kupata ujasiri wa kutueleza kuwa stima anayo, tena nyingi sasa, na kwamba ile mishumaa ni desturi ya mama yake.

Jumamosi alikuwa anapika supu ya kuku yenye vidonge vya unga ndani, na lazima aniletee bakuli. Mimi bakuli lake nilikuwa namrudishia na mahamri, au ndizi, au chochote. Bakuli la jirani halirudi tupu, kila mtu anajua.

Sasa, mke wa mwanangu. Huyu ni binti wa kutoka Nkubu, mashambani, wa wakulima, alisilimu akaolewa kwetu, na ana roho nzuri kunishinda, ingawa sijawahi kumwambia. Alikaa muda mrefu bila mtoto. Mimba zilikuwa zinaingia na kutoka, na sisi tunamtazama tukikosa la kusema. Hii ya mwisho iliposhika, daktari wa hospitali ya misheni kule kwao akamwambia alale, asiinue hata ndoo. Miezi mizima amelala. Mwanangu yuko buchani, mimi niko barabarani nauza mahamri yangu. Aliyekaa naye ni Profesa. Alikuwa anaweka kigoda mlangoni, anamsomea gazeti, anamenya viazi, anamsimulia vituko vya maprofesa wenzake wanaogombania viti vya mkutano. Nikirudi nawakuta wanacheka, na yule msichana ambaye alikuwa ameanza kunyauka amerudi na rangi yake. Siku moja akaniambia, "Mama, akiwa mvulana, ni wa Profesa."

Nikasema sawasawa. Jina la marehemu mume wangu limeshachukuliwa na watoto wa binti zangu. Na baba yake msichana, mkwe wangu wa Nkubu, akasema lake linao wajukuu wa kutosha, wakiitwa chakula wote wanaitika. Profesa hakuwahi kupata mtoto. Tukaona, basi tumpe wajina. Jina lenyewe ni la nabii, halina tatizo kwa mtu yeyote. Hatukumuuliza, maana kwetu mwenye jina haulizwi. Huku Meru wajina ni heshima kubwa kuliko mbuzi, na heshima mtu hashauriwi, anapewa. Kule Nkubu walikuwa wameshaliandika jina kwenye grupu ya familia ya WhatsApp, na maua pembeni.

Mtoto akazaliwa, mvulana, mzima, na sauti ya kuita matatu. Siku ya tatu watu wakaja kumwona, pilau ikapikwa, Profesa akakaa katikati yetu na sahani yake. Mwanangu akamwekea mtoto magotini, akasema, "Profesa, huyu ni wajina wako."

Tukangoja afurahi. Yule mzee alitoka rangi. Akamrudisha mtoto kwa baba yake, taratibu, kama mtu anayerudisha yai. "Hapana," akasema. "Nawaomba. Msimpe." Akainuka na sahani yake, akaingia chumbani, akaondoa kile kitabu mlangoni, akafunga.

Jamani. Mke wa mwanangu akajifunika uso na leso. Mimi nikahisi joto linapanda kutoka miguuni. Kwetu jina halikataliwi. Kulikataa jina ni kusema mtoto hafai, au sisi hatufai, au mtoto ana balaa. Na msichana yule baada ya yote aliyopitia, ndilo alilohitaji kusikia? Nikasema, kumbe miaka yote hii tumekuwa maswali yake tu, watu wa kuandikwa kitabuni. Nilisema kwa sauti, ukuta wenyewe ni wa mbao.

Kesho yake nikalichukua bakuli lake la supu ya Jumamosi, nikaliosha, nikaliweka mlangoni kwake. Tupu.

Mtu aliyesoma ujirani maisha yake yote alijua nimemwambia nini. Siku iliyofuata asubuhi, manyunyu yanaanguka, mimi nafua nguo za mtoto chini ya mabati, akaja na lile bakuli. Ndani mlikuwa na viazi amevimenya, vimelala kwenye maji.

"Mama, umenitukana," akasema.

"Nimekutukana, ndiyo. Lakini wewe ndiye ulianza."

"Ni kweli." Akakaa kwenye kigoda. "Kwetu mtoto hapewi jina la mtu aliye hai. Nilipaswa kuwaambia, lakini sikujua mnapanga. Bibi yangu alikuwa anasema, malaika wa mauti akija kumwita mzee kwa jina, halafu mtoto mwenye jina hilo ndiye akaitika, atachukuliwa mtoto."

"Na wewe na vitabu vyako vyote unaamini hayo?"

"Siamini hata kidogo," akasema. "Lakini mimi ni mzee sana, Mama. Malaika hayuko mbali. Siwezi kujaribu kwa mjukuu wako."

Nguo ikanibaki mkononi inachuruzika. Kumbe mzee alikuwa anamlinda mtoto wetu. Nilijisikia kumkumbatia na kumpiga na ile nguo, vyote pamoja, kwa kutosema mapema.

"Basi kwenu mtoto anapewa jina la nani?"

"La aliyekufa. Ili lisipotee."

"Si unao waliokufa? Baba yako?"

"La baba yangu analo mjukuu wa binamu yangu huko Marekani. La mama yangu pia lina mtu." Akayatazama manyunyu. "La mdogo wangu ndilo halina."

Miaka yote ile, viazi vyote vile, sikuwahi kusikia ana mdogo. Akanieleza. Siku ya treni mdogo wake alikuja stesheni kumsindikiza, ana miaka minne. Alikuwa amejivalisha viatu mwenyewe, cha kulia kushoto, cha kushoto kulia, na anajivunia. Profesa aliona. Alitaka kuinama amrekebishie, lakini wakubwa walikuwa wanasukumana, na akawaza, atakuja na treni inayofuata, nitamrekebishia huko. Treni iliyofuata haikuondoka.

"Hakuna aliyewahi kuniambia alikufa," akasema. "Hakuna kaburi. Hakuna aliyeona. Nikimpa mtu jina lake, Mama, itakuwa mimi ndiye niliyesema amekufa. Sijawahi kusema."

Mimi mdomo wangu haujui kubembeleza. Nikamwambia, "Profesa, angekuwa hai angekuwa babu sasa, na angekuwa amekutafuta mpaka Majengo."

Nikaona nimemkata mahali penyewe, nikakaa chini kwenye sakafu karibu naye, nguo na mapovu yake mapajani. Nikasema polepole, na mimi kusema polepole ni kazi, "Ijumaa ndiyo siku ya saba. Sikulazimishi. Ukiweza, tupe la mdogo wako. Usipoweza, tutatafuta jingine, majina ni mengi, na wewe utabaki mpangaji wangu na viazi vyangu utaendelea kumenya. Lakini usifunge mlango tena."

"Sijui kama nitaweza," akasema. Tukabaki tumekaa hapo mpaka mtoto akalia.

Ijumaa baada ya swala watu wakajaa. Mbuzi wa akika alikuwa ameshachinjwa, mwanangu anakata nyama na shati jeupe, mjinga huyo. Wakwe wakafika kutoka Nkubu na pikapu imejaa ndizi, nduma, njahi, yale maharage meusi ya mzazi, na uji wa wimbi kwenye kibuyu. Mkwe wangu, mzee wa kanisa, kofia kichwani, akashuka akiuliza, "Profesa iko wapi? Wajina iko wapi?" Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumjibu. Mlango wa Profesa ulikuwa umefungwa. Maalim akamaliza kumnyoa mtoto nywele, akanitazama, akauliza jina. Nikajifanya natafuta beseni.

Mlango ukafunguliwa. Profesa akatoka na koti na tai, viatu vinang'aa, kitabu akakirudisha mahali pake kuzuia mlango. Akaja akasimama mbele ya mkwe wangu kwanza, kwa adabu, akamweleza ya kwao: la mtu aliye hai halipewi mtoto.

Mkwe akasikiliza mpaka mwisho. "Lakini hiyo jina yako tumeshaambia watu wote," akasema. "Hata kanisani wameombea."

Watu wakacheka, Profesa naye akacheka kidogo. Halafu akasema, "Ninalo jingine. Ni la mdogo wangu."

"Yeye alikuwa na watoto?" mkwe akauliza.

Mikono yangu ilikuwa imeshika beseni, na nilijua kinachoulizwa si hicho. Profesa alimtazama mtoto, kichwa kimenyolewa kinang'aa, kinywa wazi. Akautazama mlango wake, nikadhani ataingia ndani tena.

"Hapana," akasema. "Yeye mwenyewe alikuwa mtoto. Alikufa."

Mkwe wangu akavua kofia. "Basi wacha arudi," akasema. "Kwetu mtu hapotei hivyo na ndugu yake ako hai." Akamwinamia mtoto, akamtemea mate kidogo ya baraka kifuani, kama wafanyavyo wazee wa Nkubu, mbele ya maalim, na maalim akatazama pembeni kwa hekima.

Profesa akalitaja jina. Mimi hapa silitaji, ni lao. Maalim akaitikia kwa kichwa, akasema ni jina la nabii, kaka yake mwenyewe analo, na kaka yake ni mtu mzuri ila anakoroma. Mwanangu akamnong'oneza mtoto jina lake sikioni. Kisha Profesa akaomba aliite na yeye, mara moja, kwa namna mama yake alivyokuwa akiwaita kutoka dirishani supu ikiiva. Akainua kidevu, akaliita kwa sauti kubwa, ya kuvuka mtaa. Mtoto akapiga chafya.

Tulicheka mpaka njahi ikaungua. Profesa alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja, nami nikamshika mkono nikafanya vilevile, sioni haya. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niiweke wapi. Jioni, mishumaa ilipowaka dirishani kwake, mke wa mwanangu alimchukua mtoto akaenda kukaa naye, na hakuna aliyekimbia kununua tokeni.

Jina hilo sasa linaitwa hapa uani kutwa nzima. Njoo uoge. Shuka juu ya tangi. Nani amemwaga unga. Mimi ndiye mpiga kelele mkuu, na Profesa akiwa chumbani kwake husikia kila mara. Mwanzoni alikuwa anatoka mlangoni kutazama. Siku hizi ananiambia nisimgombeze sana.

Mwaka huu kijana wetu ameanza nasari. Asubuhi ya kwanza alitoka chumbani na sare mpya, begi kubwa kuliko mgongo, anatembea kama askari. Viatu alikuwa amejivalisha mwenyewe. Cha kulia kushoto, cha kushoto kulia. Nikafungua mdomo nimwite nimrekebishie, tunachelewa, na wateja wananingojea mahamri yao.

"Mama," Profesa akasema kutoka kwenye kigoda, "niachie mimi."

Magoti yake siku hizi si ya kuinamia. Alijishusha kidogo kidogo, akashika ukuta, akakaa kabisa chini, kwenye vumbi, na suruali yake safi. Akavifungua viatu vyote viwili. Akampangusa nyayo kwa kiganja. Akavalisha cha kulia kulia, cha kushoto kushoto, akafunga kamba, akazikaza, akazijaribu kwa kidole. Hakufanya haraka, na mimi sikumhimiza. Kisha mtoto akamvuta mkono ainuke, wakaenda shule.